Tangazo Nililolibandika Ahero

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba moja ya Kisumu, Mkutubi Mkuu aliniuliza mbu huishi siku ngapi. Nilimjibu papo hapo.

"Umejuaje?"

"Nilifundishwa shuleni, Bwana."

Akanisukumia vitabu vitatu. Kufikia saa za chakula nilikuwa nimegundua kwamba havikubaliani. Alicheka. "Sasa kazi yako imeanza, Mama."

Niliwekwa kwenye dawati la marejeo: mtu analeta swali, wewe unatafuta chanzo, yaani pale habari ilipozaliwa. Tulianza na kadi za droo zenye orodha ya vitabu. Kompyuta zilipokuja, mfanyabiashara wa soko la Kibuye aliyeuliza kuhusu kunguni alipata jibu kabla hajaketi. Nilijiona hodari.

Baadaye nilihamishiwa tawi dogo la Ahero, chini ya Msimamizi wa Tawi, bwana mwenye haraka. Mafuriko yalifunika visima. Kuni zililowa, hakuna cha kuchemshia maji. Akina mama wakaja kuuliza: ni kweli jua linaweza kusafisha maji yaliyo kwenye chupa?

Nikaingia mtandaoni. Ukurasa wa kwanza ulisema ndiyo, chupa safi inayopitisha mwanga, saa moja tu juani. Ulikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Wa pili ukasema vilevile, na wa tatu. Niliona nina mashahidi watatu.

"Andika ubandike," Msimamizi akasema. "Watu wanangoja."

Nikaandika kwa mkono wangu, nikatia jina langu na mhuri wa maktaba.

Wiki haikuisha. Adhiambo, fundi cherehani jirani yetu, aliingia amembeba mwanawe, shingo ya mtoto imelegea kwa kuharisha.

"Mama, nilifuata karatasi yako. Saa moja kamili, nilikuwa naangalia simu."

Nilimsindikiza hadi kituo cha afya. Afisa wa Afya aliyetupokea alisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Ni saa sita, si moja! Tena jua liwe kali. Wingu likitanda, siku mbili. Na maji haya yenye tope kama chai ya maziwa, jua halipenyi hata kidogo mpaka yachujwe. Nani aliwaambia saa moja?"

"Mimi," nikasema. Adhiambo alinitazama, kisha akamtazama mtoto.

Mtoto aliongezewa maji mwilini, akalazwa siku nne, akapona. Mimi nilibandua tangazo siku hiyohiyo, nikapita nyumba kwa nyumba kwenye matope nikijikanusha.

Kisha nikarudi kwenye kompyuta kufanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Ukurasa wa tatu ulikuwa umenakili wa pili, hata kosa la tahajia lilikuwa lilelile. Wa pili ulinakili wa kwanza. Na wa kwanza ulikuwa unauza chupa. Mashahidi wangu wote walikuwa mtu mmoja, tena mwenye duka.

Nikaona ukurasa wa nne, mpya, ulioonyesha chanzo. Nikafungua kwa matumaini. Ikatokea picha ya karatasi. Mwandiko niliufahamu kabla sijausoma. Lilikuwa tangazo langu, mhuri na jina. Mtu alikuwa amelipiga picha. Nilipourudia ukurasa wa muuza chupa, nao ulikuwa umeongeza: imethibitishwa na maktaba. Mimi nilijifunza kwao, wao wakanishika mimi kuwa ushahidi, na katikati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kuyapima maji hayo.

Nilimwita Msimamizi. Alisoma mara mbili, akaketi. "Lifute, basi."

"Haiwezekani, Bwana. Si letu tena."

Nimestaafu sasa. Vijana wanaponiuliza ninavyopima tovuti, huwaambia natoka kwenye ukurasa kwanza, nikasome wengine wanasema nini juu ya mwenye ukurasa. Kisha namtafuta aliyepima, si aliyesimulia. Kurasa nyingi si hoja. Huitikia kwa adabu, lakini naona hawajashtuka kama nilivyoshtuka mimi.

Niliwaandikia wenye kurasa zile. Watatu walirekebisha. Wa nne, aliyeweka picha ya tangazo langu, hajajibu mpaka leo. Mwezi uliopita niliufungua tena ukurasa wake. Karatasi yangu bado ipo, na chini yake mama mmoja, sijui wa wapi, alikuwa ameandika asubuhi ile: "Asante sana, mafuriko yametufikia. Nitajaribu leo."

Nilimwandikia palepale. Sijui kama alisoma.