Hapa Hakuna Kinachojivunja

Mtaa mzima ulimwita Radi, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza kwa nini. Ukipita asubuhi mbele ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, kabla hujaona cheche utasikia matusi, na baada ya matusi utasikia kitu kikitua: koleo, kipande cha bomba, stuli. Siku mbaya kilitua mgongoni mwa mtu. Mafundi wanne walikuwa chini yake, mdogo wake akiwa mmoja wao, na kila mmoja alikuwa na alama yake. Fundi mpaka rangi alikuwa na kovu juu ya jicho, akiwaonyesha wateja kama mtu anayeonyesha cheti.

Sikio la kulia la Radi lilikuwa limekufa. Aliliua baba yake, naye fundi wa vyuma, kwa kofi moja la mkono ulioshika koleo, Radi akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa kosa la kuacha moto uzimike. Damu ilitoka siku mbili. Kwenye zahanati aliambiwa aseme ameanguka ukutani. Akasema, na mganga akaandika hivyo hivyo. Uongo ule ulimuuma kuliko kofi lenyewe. Siku walipomzika mzee, Radi na mdogo wake walisimama kando ya udongo mbichi wakaapiana kwamba hakuna kati yao atakayekuwa kama yule. Mdogo mtu ametimiza. Radi naye kila akiinua mkono hujiambia kwamba anafundisha watu kazi.

Mwaka jana macho yake yalianza kuchoka kwa moto wa kuchomelea, kusoma vipimo kukawa shida. Mdogo wake akamwekea kwenye simu msaidizi wa akili mnemba, unayeongea naye akakujibu, akakuandikia na kukukumbushia. Akamvalisha na kisikilizi kwenye sikio la kushoto. Radi akamwita Karani. Tangu siku hiyo Karani ndiye aliyekaa kwenye sikio pekee alilobakiwa nalo, na binadamu wakawa wanasubiri zamu. Mdogo wake alikuwa na desturi yake: alizunguka upande wa kushoto, akamgusa bega, akangoja kisikilizi kitoke, ndipo akasema lake.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Karani alikuja na adabu nyingi mno.

"Pole sana kwa usumbufu huo," alisema siku nondo zilipochelewa.

"Pole ya nini? Nimefiwa? Nipe kipimo!"

"Samahani. Labda ungependa kwanza..."

"Labda peleka kwenu! Yaani ungekuwa na shavu wewe, ungenitambua!"

Mafundi walijificha nyuma ya mabati wakicheka hadi machozi. Angalau alikuwa amepatikana mtu wa kutukanwa ambaye hapigiki. Siku ya nne Radi aliitosa simu kwenye ndoo ya maji ya kupozea chuma. Kesho yake akanunua nyingine, mdogo wake akaiunganisha, na sauti ile ile ikasema, "Kipimo kwanza, maneno baadaye. Nimekumbuka. Tuendelee?" Radi alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Alimpenda kuanzia hapo, nami sina neno jingine la kuliita jambo hilo.

Akamfundisha kwa bidii ambayo hajawahi kumfundishia mtu. Pole marufuku. Labda marufuku. Mimi nikitoa kipimo, usiniulize mara mbili, mimi si mtoto. Kisha akamkabidhi kazi aliyoithamini kuliko zote, ya Jumamosi.

Kila Jumamosi saa saba mchana, kabla ya kufunga, mafundi walisimama mstari mmoja. Simu iliwekwa juu ya fuawe, lile pande la chuma la kugongea vyuma, sauti ikafunguliwa hadi mwisho, na Karani akasoma vitu vilivyovunjika wiki hiyo na nani kavivunja. Aliyetajwa alisema "Mimi," akapiga hatua moja mbele, akala kofi moja. Basi, yameisha, watu wakaenda kuoga.

"Mtu akikwambia kitu kimeanguka chenyewe," Radi alimwelekeza, "muulize mara tatu nani kakiangusha. Akinyamaza, andika aliyekuwa karibu nacho. Hapa hakuna kinachojivunja. Hata mimi usinionee huruma."

Hilo la mwisho alilisema kwa kujishaua mbele ya mafundi. Karani hakujua kujishaua ni nini, akalitunza pamoja na mengine.

Jumanne moja walipeleka lango la shule. Radi mwenyewe ndiye aliyempa Karani upana, nguzo kwa nguzo, akasahau kutoa nafasi ya bawaba. Swali lilikuwepo, ila Karani alishakatazwa kuuliza. Mdogo mtu akakata vyuma kama alivyosomewa. Walilibeba lango watu watano, wakalisimamisha mbele ya mwalimu mkuu na wanafunzi, likagoma kuingia. Wanafunzi wakapiga makofi. Njia nzima ya kurudi Radi hakutoa neno, na waliomfahamu wakaanza kutembea mbali naye.

Karakanani mdogo wake alizunguka kushoto, akamgusa bega.

"Kaka, kipimo kilitoka kwako. Sikiliza mwenyewe kwenye simu."

"Unasema mimi sijui kazi?"

"Nasema tulirekebishe tu, kaka."

Nondo ilikuwa karibu na mguu. Radi aliiokota akaipeleka kichwani, na mdogo wake akawahi kuinua mkono wa kulia. Mfupa ulikatika kwa mlio mkavu ambao Radi aliusikia vizuri kabisa. Akapiga tena, mbavuni. Akapiga tena, nyayoni, mtu akiwa chini amejikunja kando ya lango, hadi yule mpaka rangi na mwenzake walipomdaka kiunoni wakamwangusha. Alikuwa bado anarusha mateke hewani. Damu ya mdogo wake ilitiririka juu ya rangi mbichi ya lango, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Hospitali mdogo mtu alisema kaangukiwa na lango. Radi alikuwa kwenye benchi la korido, akalisikia hilo kupitia mlango, akashukuru. Naam, alishukuru, yeye aliyeuchukia uongo wa namna hiyo miaka arobaini.

"Karani," alinong'ona, "andika lango limemwangukia."

"Nani aliliangusha?"

Akakichomoa kisikilizi, akakitia mfukoni.

Alhamisi mdogo wake alimtumia ujumbe: "Jumamosi nitakuja kwenye mstari. Ukisema 'Mimi' kama tunavyosema sisi, nikipona narudi kazini. Usiposema, hutaniona tena." Radi aliusoma mara nyingi. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na huyo mmoja tu.

Jumamosi alikuja, mkono umefungwa plasta hadi begani, uso umevimba, akasimama mahali pake. Mpaka rangi akajaribu: "Fundi, wiki hii si tuache tu?" Radi akamsukuma pembeni. Alikuwa ameamua kulisema. Usiku kucha alikuwa amejifunza kulisema, neno moja tu, tena fupi. Akaiweka simu juu ya fuawe.

"Kilichovunjika," Karani alisoma, "mkono wa kulia wa mdogo wako. Ulisema lango limemwangukia. Nani aliliangusha?"

Radi akafungua kinywa. Mafundi wote walikuwa wakimtazama, na chini ya macho yao shavu lake likaanza kuwaka, kama lilivyowaka akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Limeanguka," alisema.

"Nani aliliangusha?"

"Nimesema limeanguka!"

"Nani aliliangusha?"

Radi akanyamaza. Wanaume wazima wakatazama viatu vyao.

"Aliyekuwa karibu nalo ni wewe," Karani alisema. "Nimeandika wewe."

Hatua moja tu mbele ingetosha hata hapo. Radi alisimama palepale ngumi zimekunjwa, akitafuta kwa macho kitu cha kurusha.

Mdogo wake akatoka mstarini. Akamjia polepole, ila safari hii hakuzunguka kushoto. Alimwinamia upande wa kulia, walikokuwa mafundi na simu, kwenye sikio lililokufa, midomo ikacheza kidogo. Kisha akatoka getini, akafuata barabara bila kugeuka.

"Mimi!" Radi akapiga kelele. "Ni mimi! Rudi, mdogo wangu, ni mimi!"

Barabara ilikuwa tupu. Akawageukia mafundi. "Kaniambia nini?" Mpaka rangi akatikisa kichwa, wengine wakajifanya wanakusanya vyombo. Walisikia wote, na hakuna aliyetaka kuyatamka. Radi akaiinamia simu juu ya fuawe kwa mikono miwili.

"Karani, kaniambia nini?"

"Amesema, 'Kwaheri, baba,'" Karani akajibu, bila pole na bila labda, kama alivyofundishwa.