Funga 8080

Sekela Mwaipopo alikuwa na miaka arobaini na mbili alipoacha kuchapa barua za shule na kwenda kusimamia kompyuta za zahanati moja ya binafsi, Bunju. Mambo ya mtandao alijifunza kwa video za kwenye simu, huku anapika. Zahanati ilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa. Barua ya ajira aliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule.

Kazi yake aliieleza vizuri kuliko wengi wenye vyeti. Anwani ya kompyuta, alisema, ni jengo la zahanati. Port ni madirisha yake, kila moja na namba. Ukipeleka karatasi ya dawa dirisha la mapokezi hupewi dawa, ingawa jengo ni hilohilo. Na dirisha lisilo na mhudumu hufungwa, maana mwizi hapiti ukutani.

Wiki hiyo maabara ililetewa mashine mpya, nayo ya majaribio. Majibu yake yalipitia port namba 8080 hadi chumba cha daktari. Jumatano mwenye zahanati, Daktari Apolinari, akiwa kwenye kikao mjini, alimtumia Sekela ujumbe: "Ile 8080 ya maabara funga leo." Sekela akajua mashine inarudishwa ilikotoka. Akafunga.

Alhamisi asubuhi majibu hayakufika. Taa za mtandao zinawaka, kompyuta zinaonana, kwa hiyo lawama zote zikamwangukia Twalib wa maabara. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa kwenye benchi. Daktari alipofika hakutaka maelezo. Alimwandikia Twalib barua ya onyo kwa kuchelewesha majibu. Kuna mabosi ambao kalamu yao hutangulia masikio.

Sekela alipokagua mitambo yake aliliona kosa: 8080 imefungwa, Jumatano, kwa jina lake. Akaifungua palepale. Majibu yote yakaingia kwa mkupuo, watu wakasema mtandao umerudi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Alikuwa amepona. Alikaa dakika tano, kisha akaenda kubisha hodi kwa daktari.

"Shikamoo daktari. Twalib hana kosa. Ile port niliifunga mie."

"Si ndivyo nilivyokuagiza?"

"Niliifunga kama mlango, daktari."

Daktari akatoa simu, akausoma tena ujumbe wake. Yeye alitaka ifungwe kama fundi anavyofunga feni: iwekwe, ikazwe, ibaki hapo moja kwa moja. Mashine alikuwa ameipenda. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa kazi zote mbili, na kwa milango na feni hatujawahi kugombana.

Barua ya Twalib ilichanwa. Ijumaa mashine ilithibitishwa kuwa ya zahanati. Sekela akapewa barua inayomwongezea miezi mitatu ya majaribio, kwa kosa la kutohakiki maagizo. Aliyeyatoa maagizo hakutajwa. Ilimuuma sana, na hakuficha.

Twalib aliisoma barua ile mara mbili.

"Si ungenyamaza tu, dada Sekela? Mambo yalishakaa sawa."

"Yangu ndiyo yalikaa sawa. Onyo lako lingebaki kwenye faili mpaka unastaafu."

Akachukua kalamu, akasaini.