Finjani ya Mheshimiwa

Hadithi hii inanionyesha mimi punguani, na sina pa kujificha, maana mzaha wenyewe niliutunga mimi.

Ami yangu alikuwa na duka la kutengeneza AC pale Ibra, Oman, na fundi wake mkubwa alikuwa Mfilipino, mtu wa miaka hamsini hivi, viatu vimepigwa rangi hata akiwa juu ya paa. Kwao alikuwa mwanasiasa. Alianza mkuu wa kijiji, akawa diwani, kisha akaingia baraza la mkoa mara mbili. Mara ya tatu wakambwaga, na kampeni ikamlia shamba la mpunga na nyumba. Ndiyo akaja Oman kufungua mafeni ya watu. Yote haya alitusimulia mwenyewe, kwa Kiarabu cha sokoni na Kiswahili alichookota dukani kwetu, kashika spana kama maikrofoni.

Jina la Mheshimiwa nilimpa mimi. Akalipenda! Ukimwita ananyanyua mkono kama anapita kwenye gari la wazi. Nikamfundisha "shikamoo", nikamwambia ndiyo adabu yetu, kwa kila mtu. Basi akawa anawaamkia watoto wa darasa la kwanza, anainama, anawapa mkono mmoja mmoja. Wao wanaitika "marahaba", sie tumejishika mbavu.

"Mheshimiwa, hawa hawapigi kura."

"Watakua," ananijibu.

Mwaka ule kwao uchaguzi ulikuwa unakuja tena. Alitaka ruhusa ya miezi miwili, na zilibaki wiki mbili tu orodha ya wagombea ifungwe. Pasipoti yake anayo ami, kwenye kabati la chuma. Ami hataki kusikia.

"Joto hilo linakuja, Ibra nzima itataka AC, na wewe unataka kwenda kuwabembeleza watu walokwisha kukutupa? Panda juu huko."

Kila siku anaomba, kila siku anapandishwa paani. Mimi chini nashika ngazi, namsindikiza kwa hotuba: "Wananchi, mgombea wenu huyo, anapanda!"

Katikati ya hayo bibi yangu, mama yake ami, akafariki. Siku ya tatu ya msiba sabla yetu, ukumbi wa kupokelea wageni, ilijaa wanaume wameegemea kuta, tende na kahawa zinazunguka. Mheshimiwa kaja na shati lake jeupe la kutarizi, lile alilovaa siku aliyoapishwa kwao. Nikamvuta pembeni mlangoni.

Huku kwetu mkoa wa Sharqiyah iko ada ya mabedui. Mgeni mwenye haja huweka finjani ya kahawa chini, hanywi mpaka mwenye nyumba amuulize na amkubalie. Kumkatalia ni aibu ya ukoo mzima. Lakini msibani hafanyi mtu. Msibani unakunywa, unatoa pole, unaondoka. Hilo la kwanza nikamweleza vizuri. La pili nikalimeza.

"Leo?" akauliza. "Hapa?"

"Leo ndiyo siku yenyewe, Mheshimiwa."

Nilingoja ami amfukuze kama mbuzi aliyeingia jikoni, na mimi nipate cha kusimulia mwaka mzima.

Akakaa. Akapokea finjani, akaiweka mkekani. Mwenye kumimina kasimama na dalla yake, birika la kahawa, hajui aende wapi. Ami akaitazama ile finjani kama nge. Mzee mmoja wa Jalan, mgeni wa heshima, akamwambia taratibu, "Mgeni wako hajanywa."

"Una haja gani?" ami akauliza, na mishipa ya shingo imemtoka.

Mheshimiwa akasimama. Kwanza akamtaja bibi yangu: kwamba alikuwa akimpelekea chai na mkate chini ya ngazi, na akimuulizia wanawe walioko kwao, kwa majina. Wallahi, mie mjukuu wake siku tatu zile sijasema neno moja jema juu yake, na kuhusu chai wala sikujua. Wazee wakaanza kujipangusa macho. Kisha akasema, "Nataka kwenda kwetu."

Mzee wa Jalan akamgeukia ami.

"Kunywa," ami akasema. "Haja yako imekubaliwa."

Kesho yake akamtupia pasipoti mezani, na viza imefutwa. "Umetaka kwenda, nenda. Kwangu hurudi." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu wa ada. Kuanzia leo paa ni lako." Kiangazi kile niliunguza kompresa tatu na ngozi yote ya shingo.

Baadaye nikasikia kwa kinyozi wa Kifilipino kwamba aliwahi orodha, na akabwagwa tena. Nikacheka. Peke yangu.

Siku aliyoondoka nilimbebea begi mpaka kwenye teksi ya Maskati. Nikamuuliza, bila ya haya, kama alijua kuwa nimemchimbia shimo. Akaingia, akafunga mlango, akateremsha kioo.

"Nimeomba kura kwenye misiba tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Msibani mkubwa hawezi kukataa mbele za watu. Sikujifunza kwako. Na wewe nakujua. Kwetu kila mgombea anaye mmoja kama wewe, wa kuwachekesha watu mpaka bosi afike. Bosi akifika, mchekeshaji anaambiwa ashuke jukwaani."