Mwanya wa Yeshimebet

Yeshimebet alipopewa kioo na Daktari Hirut, daktari wa meno, moyo ulimpasuka paa! Meno yake mawili ya mbele, yaliyovunjwa na mpira wa mti ulioruka kutoka kwa wacheza magongo siku ya Krismasi, yalikuwa mazima tena, meupe pee. Lakini mwanya haukuwapo. Mwanya aliozaliwa nao, uliofanya nusu ya mji wa Gondar waijue meza yake ya kahawa!

"Madaktari ndivyo wanavyofanya," mumewe, Getnet, akadakia. "Umependeza, Yeshi!"

Hee! Mtu hajauliza, wewe ushajibu? Jibu lile lilimkwama Yeshimebet rohoni. Mume huyuhuyu, mteja akiusifu mwanya, hununa mpaka jioni. Na ndiye aliyezungumza na daktari, wakati mdomo wa Yeshimebet umekufa ganzi.

Alipofungua kibanda chake cha kahawa, fundi cherehani mmoja akamtania, "We dada, Yeshi mwenye mwanya yuko wapi?" Watu wakaangua kicheko. Getnet naye akacheka, tena akacheka kupita kiasi. Yeshimebet akamtazama kwa pembe ya jicho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake aliaga anakwenda kununua kahawa mbichi, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Hirut.

"Nani kakwambia uuzibe mwanya wangu?"

Daktari alishangaa. "Si wewe? Mumeo alisema hujawahi kuupenda, unaona haya tu kusema."

Hasira zikampanda, na uchungu juu yake, maana njia nzima alikuwa akiomba awe amemshuku mumewe bure. "Ufungue," akasema.

"Jino lenyewe sitaligusa, dada yangu. Nitakwangua kile nilichoongeza." Daktari aliona aibu mpaka akakataa malipo.

Aliporudi kibandani na mwanya wake, wanawake waliokuwa wakinywa kahawa walipiga vigelegele. Getnet peke yake aliganda, sinia mkononi. Akamvuta mkewe nyuma ya pazia.

"Umefanya nini, Yeshi?"

"Anza wewe. Ulimwambia nini daktari?"

Getnet akaweka sinia chini. "Nimechoka kuona wanaume wanavyokutazama."

"Kwa hiyo ukangoja nivunjike meno!"

Yeshimebet alikuwa karibu kulia, lakini alitabasamu, mwanya wote nje.

"Ulikuwa unaogopa macho ya wateja, Getnet. Kuanzia leo ogopa yangu."