Mawe ya Taru na Mawe ya Bukini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala alinipa brashi, chaki na ndoo ya maji. "Mwanaisha," akaniambia, "mawe hapa husomwa. Yaoshe uso kwanza." Nilitoka kwetu Ndia Kuu na buibui jipya, nilirudi nalo limejaa vumbi.

Ghala lilikuwa Shimanzi, ndani ya yadi ya bandari. Tulihifadhi mawe ya keekee, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa chini ya ardhi kwa mtambo wa kutobolea, vyembamba na virefu kama mua. Kwa kila jiwe niliandika kina lilikotoka, rangi na ukubwa wa chembe zake. Mkuu alinifundisha kwamba yale ya Taru, nyika iliyo nyuma ya pwani yetu, ni mchanga uliobebwa na mito zama za Gondwana, bara kuu la kale, wakati Afrika, Bukini na Bara Hindi zilikuwa nchi kavu moja. Baadaye ardhi ilipasuka, bahari ikaingia, na Bukini ikawa kisiwa, ikasogea kusini kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka.

Mkuu alipostaafu nilishika nafasi yake. Haukupita muda, Meneja mpya wa Yadi akaja na amri: ghala livunjwe, mawe yafukiwe yawe msingi wa uwanja wa makontena. Nilimwomba anisikilize. Nikaweka mezani mawe mawili, moja la Taru, jingine nililoletewa na mtaalamu wa miamba kutoka Bukini, nikamuuliza letu ni lipi. Aliyageuza, hata akayanusa. Akashindwa.

"Haya yalikuwa kitu kimoja, bwana," nikamwambia. "Ukiyafukia, kwetu hapatabaki ushahidi."

Aliyarudisha mawe mezani. Akanieleza kwamba amri si yake. Awezalo ni kuniachia chumba kimoja, na siku saba.

"Chagua ya kubaki," akasema. "Mengine tuyaandike."

Akavua koti. Kwa siku zile saba alipima nami nikaandika madaftarini, na mkono wangu ulipochoka tulibadilishana. Malori yalipokuja nililia, naye alisimama kando yangu mpaka la mwisho likamwaga mawe yake.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mnaosomea miamba mwafungua madaftari yale kutafuta mawe ambayo hamwezi tena kuyashika. Nusu ya kurasa ni mwandiko wa yule meneja, Mungu amrehemu, na mwandiko wenyewe ni mbaya mno. Basi mwanipigia simu, nami naja, naketi kati yenu, nawasomea.