Nilikata mwisho wa wimbo wa wapagazi kwenye albamu yetu ya pili, mpiga drums wetu akashindwa kuinua mkono

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nimetulia na sijanywa kitu. Nitasimulia nilichokiona na kukisikia mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui. Anayetaka kucheka acheke tu, hata mimi mwaka jana ningecheka.

Kwanza nieleze kidogo kwa wasiofahamu muziki wetu. Tunapiga psychedelic rock. Ni rock, ila gitaa linapewa mwangwi mrefu, sauti zinazunguka, wimbo unaweza kwenda dakika kumi bila haraka, na msikilizaji anajisikia kama mtu aliyepitiwa na usingizi juani. Hapa Tabora sijui bendi nyingine ya aina hiyo, kwa hiyo sisi ndio bora mkoa mzima.

Tupo watatu. Rehema anaimba na kupiga gitaa. Maganga anapiga drums, na mchana ni fundi seremala. Mimi napiga besi na ndiye ninayerekodi, hivyo wananiita Fundi.

Albamu ya kwanza tulirekodia Dar tukiiga watu wa mbali, na ilisikika hivyo hivyo. Ya pili tukakubaliana itoke hapa, kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Wengine wameisoma shuleni. Sisi tumezaliwa juu yake.

Tukapanga nyumba ya vyumba viwili Isevya, tukaegesha magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Jirani alikuwa anachomelea mageti, kwa hiyo tulirekodi asubuhi kabla hajawasha mashine.

Bibi yake Maganga, Bibi Nyamizi, anakaa Ipuli. Babu yake yeye alikuwa kirangozi, yaani yule aliyetangulia msafara na kuwaanzishia wapagazi nyimbo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo begani, mwendo wa miezi.

Tulimkuta anaanika matobolwa, vile viazi vitamu vikavu. Tukamwamkia, akaitikia, tukamwomba wimbo wa babu yake, akakaa kwenye kigoda na kuimba huku namrekodi.

Wimbo wenyewe uko hivi. Kirangozi anaita mstari mmoja, ananyamaza kuwapa watu nafasi ya kuitikia, kisha anaita tena. Bibi alikuwa peke yake, lakini alinyamaza kila mahali panapostahili. Mwishoni akapiga kiganja chini, akasema, "Tueni." Basi. Akarudi kwenye viazi vyake.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe vizuri.

Kwenye kurekodi kuna kitu kinaitwa loop. Unachukua kipande cha sauti, unaunganisha mwisho wake na mwanzo wake, kinazunguka bila kukoma. Nilichukua mistari minne ya Bibi nikafanya hivyo. Ile "Tueni" na kile kishindo cha kiganja nikavitupa. Viliharibu mdundo.

Wakuu, ilikuwa tamu. Tuliiweka chini ya nyimbo nne kati ya saba, na kila asubuhi ilizunguka kwa muda wa saa tatu au nne mfululizo.

Siku ya tatu Maganga akaanza kujisugua bega la kushoto.

"Uzee huo," Rehema akamwambia. "Kamwombe bibi yako mkongojo."

"Nitacheka kesho," akasema Maganga. "Leo siwezi."

Kufika siku ya tano mkono ule ulikuwa haupiti kifua. Hospitali wakampiga picha, mifupa mizima, wakampa dawa ya kuchua. Kwa mtu kama yeye mkono wa kushoto ni nusu ya drums, na kwenye benchi la useremala ndio unaoshika ubao. Alikuwa anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na alikuwa ameacha utani.

Alipovua shati tuliona kitu ambacho sijui kukieleza. Juu ya bega palikuwa na sugu. Ngozi ngumu, ya njano, pana kama kiganja, kama ya mtu aliyebeba miaka mingi. Wiki moja kabla haikuwepo. Maganga hajawahi kubeba hata gunia, mbao zake huletwa na mkokoteni.

Siku ya sita Rehema akavua hedifoni katikati ya wimbo.

"Fundi, umemwongeza nani?"

"Wapi?"

"Pale Bibi anaponyamaza."

Nikasikiliza. Hazikuwa sauti za kuimba. Zilikuwa pumzi. Watu wengi wanahema kwa pamoja, kama wanaopanda mlima.

Nikafanya anachofanya fundi yeyote. Nikakagua nyaya, nikabadilisha maiki, nikafungua faili la mwanzo kabisa. Mle mlikuwa na Bibi na kuku wake tu. Pumzi zilikuwa kwenye ile loop peke yake, na kila ilipozunguka zilikuwa nzito zaidi kuliko mzunguko uliopita.

Nikazima. Tukaenda Ipuli.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akamshika Maganga bega, akalibonyeza. Hakushtuka, alikasirika. "Nani kaukata wimbo?"

"Mimi, Bibi," nikasema. "Mwisho ulikuwa unaharibu mdundo."

"Umewatembeza watu wiki nzima, hujawaambia watue?"

"Watu gani, Bibi?" Rehema akauliza.

"Nitawajuaje? Mimi sikuwaita."

Nikasema nitarudisha kile kipande, kipo kwenye laptop. Akatikisa kichwa.

"Hicho nilikisema nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Hao wako njiani. Aliyewatoa ndiye awatue."

"Bibi, mimi sijui kuimba."

"Najua. Mjukuu wangu alinisikilizisha ile albamu yenu ya kwanza, nikakusikia."

Alinifundisha mistari yote mpaka ikakaa kichwani. Masharti yalikuwa machache. Nitangulie mimi. Tutembee kutoka maji hadi maji. Nisigeuke nyuma. Tukamwomba atusindikize, akasema magoti yake yalishatua zamani.

Kuna kipande cha njia ile magharibi ya mji, kati ya kisima na bwawa, ambacho wabeba mkaa wa baiskeli bado wanakitumia. Tulianza saa nne asubuhi. Miti haina majani, vumbi limetulia, na siku hiyo hatukukutana na baiskeli hata moja. Mimi mbele, rekoda shingoni. Maganga nyuma yangu, kisha Rehema.

Nikaita mstari wa kwanza. Rehema akaitikia huku anacheka, maana niliimba vibaya kweli. Tukaenda hivyo labda nusu saa.

Halafu nikamsikia Rehema amenyamaza. Kiitikio hakikunyamaza.

Sikugeuka. Niliendelea kuita kwa sababu niliogopa kitakachotokea nikiacha. Nyuma yangu waliitikia kwa sauti ya chini, wamechoka, na miguu ilikuwa mingi mno kwa watu watatu. Maganga alikuwa analia polepole. Sijamuuliza mpaka leo.

Tulipofika bwawani sikuweza kusimama. Miguu iliendelea yenyewe, ikaingia majini mpaka kwenye vifundo. Nikajilazimisha kurudi hatua moja kinyumenyume, nikainama, nikapiga kiganja kwenye tope.

"Tueni!"

Kikaanguka kitu kizito nyuma yangu, karibu kabisa. Kisha kingine. Kisha kingine, mbali kidogo. Mizigo ilishushwa mmoja mmoja kurudi kule tulikotoka, na kila mmoja ulikuwa mbali zaidi, mpaka sikio likashindwa. Kiganja changu bado kilikuwa ardhini. Kwenye kiganja vishindo viliendelea.

Rehema alikuwa ameshika shati langu kwa nyuma.

Baadaye Maganga akainua mkono wa kushoto, taratibu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Ukapanda mpaka juu ya kichwa. Akauacha huko muda mrefu, anautazama.

Siku hizi anapiga drums na anapiga randa. Sugu bado ipo.

Rekoda ilishika miguu yetu, sauti yangu mbovu na Rehema wa ile nusu saa ya mwanzo. Baada ya "Tueni" kuna ukimya wa dakika kumi na moja. Mimi ningeapa tulisimama dakika tatu.

Loop tuliifuta kwenye nyimbo zote nne, tukazirekodi upya. Matembezi yale tukayafanya wimbo wa mwisho wa albamu. Nilitaka kuupunguza ule ukimya ubaki dakika mbili, nikashika kipanya nianze kukata. Maganga alikuwa pembeni na hedifoni masikioni, macho ameyafumba. Akanishika mkono.

"Subiri," akasema. "Wa mwisho bado hajatua."

Tuliuacha wote.

Nilichojifunza ni hiki, na nawaambia hasa vijana mnaochukua nyimbo za wazee kutengenezea muziki mpya. Fanyeni, ni kazi nzuri, msiogope. Ila kabla hujakata, muulize mwenye wimbo ulikuwa unafanya kazi gani na unaishia wapi. Sikuuliza, na aliyelipia ni rafiki yangu.

Kama hapa kuna mtu wa Urambo, Kaliua au popote kwenye njia ile ambaye kwao waliimba nyimbo za kubeba, naomba aniandikie zilikuwa zinamalizwaje. Na mwenye maelezo ya kitaalamu kuhusu zile pumzi, karibu, nitayasoma kwa moyo mweupe.