Kigoda Ndani ya Basi

Ndani ya basi la Tonawanda, huku ughaibuni, mzee mmoja Mkongo alipakata kigoda cha chuma, chekundu, kinachong'aa.

"Papa, basi lina viti!" mama mmoja akamtania.

"Hii ni ya bibi yangu, mama ya watoto. Leo anatoka ku hospitali, hawezi kupika akisimama. Ilikuwa kutu tupu. Nilikwangua yote, nikapulizia rangi ya unga, bon, nikaichoma mu furu ya zamani ya kuokea mikate, ku garage ya shemeji. Kwaruza, mama!"

Mama akakwaruza kwa ufunguo. Hakuna alama. Mzee akainua kidevu.

Nami, kwenye kiti cha nyuma yao, nilijivunia kigoda kile kana kwamba kazi ni yangu. Mke wangu alifariki. Kigoda chake bado kiko jikoni, kimeshika kutu. Nikamuuliza mzee kama shemeji yake anapokea kingine.

"Leta. Lakini kutu utakwangua weye mwenyewe."

Nilianza kukwangua Jumamosi.